Maji ni Zawadi, Njia ni Kazi

Reli haijafika Lodwar. Tawi la karibu liliishia Kitale mwaka 1926, na anayekuja Turkana kutoka huko hushuka kwa barabara: Kapenguria, Ortum, Marich, Kainuk, Lokichar, karibu kilomita 300 zinazoanza na milima ya kijani na kuishia kwenye mchanga na miiba. Mwezi Machi 2012 viongozi wa Kenya, Ethiopia na Sudan Kusini walikutana Lamu kuzindua mradi wa LAPSSET, ambao ndani yake imo reli ya kutoka bandari ya Lamu, kupitia Isiolo, hadi Nakodok kwenye mpaka wa Sudan Kusini. Hadi leo reli hiyo ni mstari wa ramani. Hata hivyo mstari wa ramani humfanya mtu ajiulize njia ni kitu gani hasa, na ni kwa nini tuitunze.

Swali hilo limenipeleka mbali. Katika mkoa wa Nagano, Japani, kuna treni ndogo inayotoka mji wa Ueda hadi Bessho Onsen, kijiji cha chemchemi za maji ya moto chini ya milima. Njia yake ina urefu wa kilomita 11.6 na stesheni 15, na safari nzima huchukua kama nusu saa. Ilifunguliwa mwaka 1921. Bonde lile lilikuwa na njia nyingine ndogo za reli. Zilifungwa moja baada ya nyingine watu walipoanza kununua magari, na hii ikabaki kwa sababu wakazi waliing'ang'ania. Haiendi mji mkuu wala haiunganishi nchi na nchi. Inamfikisha mtu mahali ambapo maji yanatoka ardhini yakiwa ya moto, na jioni inamrudisha kwake.

Kijijini hapo kuna hekalu la Kannon, ambaye Wabudha wa Japani humwendea kwa ajili ya huruma yake. Limejengwa likitazama kaskazini, jambo lisilo la kawaida kwa mahekalu, kuelekea hekalu kubwa la Zenko-ji katika mji wa Nagano ambalo lenyewe linatazama kusini. Waumini husema kwamba kuzuru moja na kuacha jingine ni hija nusu: kule mtu huombea maisha yajayo, huku huombea maisha haya. Na kwenye nyumba za kuogea upo utaratibu ambao kila mtoto wa Japani anaujua. Kabla ya kuingia bwawani unakaa kwenye kigoda kifupi, unajisugua mwili mzima kwa sabuni, unajisuuza hadi povu la mwisho liishe. Bwawa halina kazi ya kuondoa uchafu. Unaingia ukiwa umeshatakata, unakaa kimya pamoja na wengine, kichwa kikiwa juu ya maji. Kazi ya mikono yako imekwisha pale kwenye kigoda. Kilichobaki ni kupokea.

Nimelishika neno moja kutokana na hayo yote: maji ni zawadi, njia ni kazi. Hakuna binadamu aliyeyapasha moto maji yanayotoka chini ya mlima. Hakuna aliyeyaita yakaja. Lakini njia haioti yenyewe wala haijitunzi. Mtu hukagua reli, hufagia stesheni, hupaka daraja rangi, na huendesha treni hata asubuhi ambayo abiria ni wawili tu. Maisha ya roho nayo, kwa kadiri ninavyoyaelewa, yana pande hizo mbili, na taabu yetu nyingi hutokana na kuzichanganya: tunajaribu kuyatengeneza maji kwa nguvu zetu, huku njia tuliyopewa tuitunze tumeiacha iote magugu.

Turkana inalijua jambo hili kwa undani kuliko Nagano. Mto Turkwel, unaoupa mji wa Lodwar kivuli chake chote, unaanzia Mlima Elgon ukiitwa Suam. Ukifika hapa umevuka nchi ambayo haiuongezei maji mengi, na bado una maji. Kando ya Ziwa Turkana, mashariki mwa Lodwar, zipo chemchemi za Eliye. Ziwa lenyewe ni la magadi, na maji yake hayamkati mtu kiu. Lakini pale Eliye, chini ya kilima cha mchanga, katikati ya mikoma, maji matamu na vuguvugu yanabubujika yenyewe, yanachora vijito vyembamba kwenye mchanga, na watoto wanayaoga kabla hayajaingia ziwani na kupotelea kwenye chumvi. Mtu akisimama pale hana la kusema ila shukrani. Kisha anakumbuka kipande cha njia alichokipita, mchanga unaomeza magurudumu, na wanaume wasiomfahamu walioshuka kutoka gari lingine wakasukuma la kwake. Kumbe shukrani ina pande mbili za kwenda.

Wazee wa Kiturkana humwita Mungu Akuj, naye ndiye mwenye mbingu na mvua. Katika maombi yao mzee mmoja hutamka, na waliokaa huitikia kwa sauti moja. Hutamka tena, huitikiwa tena. Neno linakwenda, linarudi. Hakuna anayejidai kwamba kuitikia kwake ndiko kunakoleta mvua, na hakuna anayekaa kimya akisema mvua itakuja yenyewe. Nimeona katika utaratibu huo hekima ileile ya njia ndogo: kazi yetu ni kwenda na kurudi kwa uaminifu, na kinachokuja si mali yetu.

Anayetaka kuiona hekima hiyo kwa macho na aende Kakuma wakati wa kiangazi, karibu kilomita 120 kaskazini-magharibi mwa Lodwar, asimame kwenye ukingo wa mto Tarach. Wakati huo mto ni mchanga mtupu na mbuzi wanavuka bila kulowa kwato. Mwanamke huteremka na jerikani la njano na kikombe. Anachagua mahali, na uchaguzi wake si wa kubahatisha. Anapiga magoti na kuchimba kwa mikono. Mchanga wa juu una joto na unaporomoka kurudi shimoni. Chini yake unabadilika rangi, unakuwa mweusi, unaanza kushikana. Anachimba hadi kwapani. Halafu anaacha, na hapo ndipo penye somo. Akiendelea kukwangua kwa pupa atapata tope. Anakaa kwenye visigino vyake na kungoja. Chini ya shimo panalowa, kisha panang'aa, kisha kinatokea kijidimbwi cha ukubwa wa kiganja. Anakichota chote bila kugusa mchanga, anamimina, anangoja kingine. Jerikani la lita 20 hujaa hivyo, kikombe kwa kikombe, jua likipanda. Shimo amelichimba yeye. Maji yamekuja kwa wakati wake.

Ukimtazama mwanamke huyo huwezi kuacha kumfikiria Bi Hajar, yule ambaye Biblia ya Kiswahili inamwita Hajiri. Alijikuta jangwani na mtoto mchanga, kiriba kimekauka. Waislamu wanafundishwa kwamba alikimbia baina ya vilima vya Safa na Marwa mara saba, akitazama upeo wa macho, huku mtoto akilia. Maji hayakutokea Safa wala Marwa. Yalitokea pale alipomwacha mtoto, mahali ambapo hakuwa akitafuta, na kisima cha Zamzam kinatoa maji hadi leo. Mtu mwepesi wa kuhukumu atasema basi mbio zake zilikuwa bure. Lakini kila anayehiji Makka anaamriwa azirudie mbio hizo. Hakuna anayeamriwa atoe maji mwambani. Mwenyezi Mungu aliyahifadhi mashaka ya mwanamke mmoja aliyekuwa akienda na kurudi baina ya vituo viwili, akayafanya ibada ya mamilioni. Hilo linanipa moyo kuliko muujiza wenyewe. Maji yalikuwa ya Mungu. Safari saba zilikuwa za Hajar, na zimehesabiwa.

Njia hukatika. Mwezi Oktoba 2019 kimbunga Hagibis kiliipiga Japani, mto Chikuma ukafurika, na sehemu ya daraja jekundu la chuma la reli ya Bessho, lililojengwa mwaka 1924, ikaanguka mtoni. Mwezi uliofuata mvua kubwa ziliishukia Pokot Magharibi. Usiku mmoja wa Novemba milima iliporomoka juu ya vijiji, makumi ya watu wakafa wakiwa usingizini, na madaraja ya barabara ya Kitale–Lodwar yakasombwa. Watu wa Lodwar walijua maana yake asubuhi ileile: unga, mboga, dawa na barua, vyote huja kwa njia hiyo moja. Katika dua za siku zile waliwataja waliofukiwa na udongo, na waliutaja pia mto uliokatisha njia, kwa sababu mwenye njia moja tu hawezi kuutenga msiba wa jirani na wa kwake.

Kule Nagano wangeweza kusema kwamba kilomita 11.6 za reli hazistahili gharama ya daraja. Hawakusema hivyo. Treni ziliendelea kwenda na kurudi kwenye upande uliosalia, basi likaziba pengo, serikali ikabeba sehemu kubwa ya gharama, wakazi wakatoa michango, na tarehe 28 Machi 2021 treni ikavuka tena mto, miezi michache kabla njia haijatimiza miaka 100. Huku kwetu mafundi walirudi na mawe na saruji, malori yakapita, maisha yakaendelea. Barabara hii imeshakufa na kufufuka zaidi ya mara moja. Lami yake ya kwanza iliwekwa kwa msaada wa Norwe katika miaka ya 1980, kisha ikachakaa hadi madereva wakaiacha na kupita pembeni mwake kwenye vumbi, na katika miaka ya karibuni imejengwa upya kupita Lodwar na Kakuma kuelekea Nakodok. Anayeisafiri leo kwa raha anapita juu ya kazi ya watu ambao hatawajua kamwe. Nadhani hata imani tulizorithi ziko hivyo. Kuna mtu aliyeomba kabla yetu katika lugha ambayo hatuisikii, akasawazisha mahali ambapo leo tunapita bila kujikwaa.

Lakini kuna kukatika kwa njia ambako hakuletwi na mvua. Kusini kabisa mwa Turkana, kwenye mpaka na Baringo, kuna mahali paitwapo Kapedo. Chini ya volkano ya Silali maji yanatoka ya moto, ya kuunguza ngozi, yanaporomoka kwenye mwamba kwa mvuke na kuwa chanzo cha mto Suguta. Kwa uzuri wa maji hakuna kijiji cha Nagano kinachoishinda Kapedo. Watu wangeweza kuja kutoka kila upande kukaa majini pamoja, kama kule Bessho. Badala yake jina la Kapedo limekuwa la kilio. Waturkana na Wapokot wameuana pale kwa miaka mingi, na mwaka 2014 askari polisi wapatao 20 waliuawa katika shambulio moja. Zawadi ipo, imemwagwa bila kipimo, na njia imezibwa na bunduki. Mto Suguta wenyewe unatiririka kaskazini kana kwamba unalitafuta Ziwa Turkana, halafu unaishia Logipi, nyuma ya ukuta wa volkano, bila kulifikia. Kila nikiifikiria Kapedo naona kwamba dhambi haikaushi chemchemi. Dhambi huharibu njia. Na toba, kabla ya kuwa machozi, ni kwenda kumwambia jirani kwamba anaweza kupita.

Kuna njia nyingine iliyozibwa, na hii imezibwa kwa karatasi. Kambi ya Kakuma ilianzishwa mwaka 1992 kwa ajili ya vijana waliotembea kutoka Sudan wakikimbia vita. Leo, pamoja na makazi ya Kalobeyei, inahifadhi karibu watu 300,000 kutoka Sudan Kusini, Somalia, Kongo, Ethiopia, Burundi na kwingine. Lami inapita mlangoni mwao, lakini mkimbizi anayetaka kwenda Lodwar au Nairobi sharti apate kibali cha kusafiri. Yupo aliyezaliwa Kakuma, akasoma Kakuma, akaoa Kakuma, na barabara inayopita mbele ya macho yake kila siku si ya kwake. Ardhi hii inalijua jambo hilo tangu zamani. Enzi za ukoloni Turkana ilikuwa wilaya iliyofungwa, mgeni aliingia kwa ruhusa, na serikali iliwaleta huku wale iliotaka wasahaulike: Jomo Kenyatta alifungwa Lokitaung, akawekwa kizuizini Lodwar kuanzia 1959, na mwaka 1961 akahamishiwa Maralal. Yule ambaye njia yake ilizibwa hapa alikuja kuiongoza nchi. Tungepaswa kukumbuka.

Na bado, ndani ya kambi, watu wanatunza njia ambazo hakuna afisa anayeziwekea muhuri. Maji ya mabomba yanatoka kwa zamu, na majerikani hupangwa foleni tangu alfajiri. Kutoka kwenye jerikani hilohilo la kupikia, Msomali hujitengea kiasi cha kutawadha: mikono, kinywa, uso, miguu, kwa maji ambayo mtu mwingine angeyamwaga bila kufikiri. Mwethiopia wa Kiorthodoksi, ifikapo Januari, huadhimisha ubatizo wa Yesu kwa maji yanayobarikiwa na kunyunyiziwa watu. Mkongomani hubeba mtoto wake kanisani siku ya ubatizo. Kila mmoja anaanza kwa kiasi kidogo cha maji na utaratibu aliofundishwa na mamaye. Hawajapewa safari, lakini hawajaacha kujiandaa kusafiri. Mwili ukiwa kambini, njia ya kwenda kwa Mungu inafagiliwa kila siku.

Gari la abiria la kutoka Kakuma kwenda Lodwar halina ratiba. Ukimuuliza makanga linaondoka saa ngapi atakujibu, "Likijaa, mzee." Treni ya Bessho huondoka kwa dakika iliyoandikwa, iwe na watu au iwe tupu. Zamani niliamini kwamba moja ni maendeleo na nyingine ni shida. Sasa naona kila moja ina fundisho lake. Treni inafundisha uaminifu: nitakuja, hata kama leo hukunihitaji, ili siku utakaponihitaji usinitilie shaka. Gari linalongoja lijae linafundisha kwamba hakuna anayefika peke yake. Safari yangu imo mikononi mwa mwanamke ambaye bado yuko sokoni anafunga mzigo wake, na sina budi kumtamani afike salama. Mwenye kusali anahitaji yote mawili. Anahitaji saa yake isiyobadilika, hata siku ambazo moyo ni mtupu na maneno hayana ladha. Na anahitaji kungojea wenzake, kwa sababu sala inayowaacha watu nyuma hufika mapema mahali pasipo na mtu.

Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba chini ya nyanda za Lotikipi, kaskazini mwa Kakuma, kuna hazina kubwa ya maji. Nchi ilishangilia. Baadaye vipimo vilionyesha kwamba maji yale yana chumvi nyingi mno, hayanyweki yalivyo. Wengi walivunjika moyo, na nawaelewa. Lakini wanawake wa Tarach hawakuacha kuchimba mashimo yao siku ya shangwe, wala hawakuacha siku ya habari mbaya. Tumaini lao halikuegemea tangazo. Liliegemea mahali wanapopajua, na subira ya kungoja kijidimbwi kilichofuata.

Kwa hiyo nikiombea reli ije Turkana, naomba kwanza tuwe watu wanaostahili kukabidhiwa njia. Atakayepewa kipande cha barabara akitunze, mwenye mamlaka ya kibali afikirie uso wa anayekiomba, mwenye bunduki Kapedo aishushe ili watoto wa pande zote mbili waoge. Na wewe usiye na barabara wala ofisi, unacho kipande chako: mgonjwa unayemtembelea, ndugu mliyekosana ambaye bado hujampigia simu, saa ya sala uliyoiacha kwa sababu ulidhani haikufikishi popote. Rudi ukapite hapo leo, na kesho upite tena. Mungu hakutuagiza tulete maji. Ametuagiza tusimwache jirani aliye na kiu akose njia ya kuyafikia.